Koti la Bata Halifuliwi

"Umelifanya nini?"

"Nimelifua," akasema Borghild.

 Dada yake Hjørdis, aliyeolewa kisiwa cha jirani, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja huko upande wa pili wa simu. Borghild hakuhitaji kumwona ili ajue. Walilala kitanda kimoja utotoni, alimjua mpaka pumzi zake.

"Umelifua koti la bata?"

"Lilikuwa linanuka, Hjørdis. Mwenyewe hayupo tena. Nguo za marehemu zinafuliwa, zinakunjwa, zinawekwa. Ulitaka niliache linasimama nyuma ya mlango linanitazama?"

"Kwa sabuni?"

"Hapana, kwa supu! Kwa sabuni, ndiyo. Ile ya maua."

"Mungu wangu," Hjørdis akanong'ona. "Ya maua."

Mtu wa bara angecheka hapo. Sisi wa visiwani huku kaskazini hatucheki, maana bata bahari si wa kuchezea. Hafungwi kamba, haitwi kwa pumba, hana mwenyewe. Anatoka bahari kuu mwishoni mwa Aprili, na akipenda atapanda nchi kavu, aingie kwenye kibanda cha mawe ulichomjengea, atage, aatamie. Siku akiondoka na vifaranga vyake, anakuachia kiota kimejaa manyoya mororo aliyojinyonyoa kifuani, nawe unayachambua, unashona mfarishi ambao mtu akijifunika katika baridi ya Januari anasahau kama kuna Januari. Lakini jamani, woga wake! Akimwona mtu asiyemjua anarudi majini, na kumtoa huko tena ni kazi bure. Kwa hiyo mlinzi wa bata anavaa nguo zilezile kila msimu, anapita njia ileile, na koti lake halijui maji ila ya mvua. Mimi nimeyaona makoti yanayoweza kusimama yenyewe bila mtu ndani, na wenye nayo wanajivunia.

La Anfinn, mume wa Borghild, lilikuwa hivyo. Watu wote wa visiwa hivi walilijua kuwa ni la kahawia. Borghild alipolitoa kwenye beseni, wiki moja baada ya mazishi, akalikamua na kulitundika karibu na jiko, likakauka likawa la buluu. Buluu ya macho makavu! Alikaa chini akalitazama. Alikuwa ameishi na koti hilo tangu aolewe, na hakuwahi kujua rangi yake.

"Sasa nitafanyaje?" akamwuliza dada yake, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imepungua.

"Sijui. Haijawahi kutokea. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kulifua."

Na kilichokuwa hatarini hakikuwa koti tu. Langholmen kilikuwa kisiwa cha nyumba tano zamani, sasa kimebaki na moja yenye moshi. Bata jike hurudi pale alipoanguliwa. Ukipita msimu mmoja bila wao kutaga, unaofuata wanakuja wachache, halafu hakuna, na Langholmen bila bata ni mawe na upepo. Binti yao, Ragnfrid, anaishi bara, mjini Brønnøysund, na mwezi Machi alikuwa ameshampakia mama yake rangi chumba.

"Mama, peke yako huko utafanya nini?"

"Nina bata."

"Bata walikuwa wa baba. Wewe hata hawakujui."

Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakapatana: bata wakikaa, Borghild anakaa. Bata wakikimbia, boti ya mizigo inakuja Juni kuchukua kabati, saa ya ukutani na mama mwenyewe. Borghild alikubali kwa hasira, akakata simu, halafu akaogopa.

Niseme kidogo kuhusu Anfinn, maana bila yeye hutaelewa. Anfinn alikuwa mkimya. Sisemi mkimya kama watu wetu wengine wa pwani, ambao ukiwapa glasi mbili wanakuimbia. Chumvi aliiomba kwa kidole. Akitaka kahawa alikisogeza kikombe. Siku ya kumposa Borghild alileta samaki mkubwa, akamweka juu ya meza ya baba mtu, akakaa kitini mpaka mzee akalazimika kuuliza mwenyewe, "Umemfuata Borghild, au unauza samaki?" Anfinn akaonyesha kwa kidevu upande wa Borghild. Ragnfrid alipozaliwa alimtazama mtoto, akasema, "Haya." Neno hilo Borghild alilitunza, kwa kuwa hakupewa jingine la kutunza.

Hakuwa mbaya. Hakuwahi kumpandishia sauti, na angeipandishaje wakati hakuwa nayo? Lakini mwanamke anayeishi na kimya namna hiyo hujiuliza maswali akikosha vyombo. Je, hapendi kuongea, au hapendi kuongea na mimi? Borghild alijiuliza hivyo akiwa bibi harusi, na alikuwa bado anajiuliza mazishini, wakati kasisi anasoma maneno mengi juu ya mtu aliyesema machache.

Kisiwa walikigawana bila kukaa kikao. Kusini kuna nyumba, gati, zizi la kondoo na bustani ya viazi, huko kwake Borghild. Kaskazini, ng'ambo ya kilima cha mawe, ni kwa bata na Anfinn. Bata wakishaingia, mbwa anapelekwa kwa Hjørdis, nyundo inawekwa, redio inateremshwa sauti, na nguo hazianikwi nje zikapepea. Anfinn anavaa koti, anatokea mlango wa nyuma. Mchana anarudi, anakula, ananyoosha kidole kwenye chumvi.

Hivi, unajua Borghild alikuwa hajawahi kuifuata njia ile ya kaskazini mpaka mwisho? Hata wakati bata hawapo. Ilikuwa ya Anfinn, kama jikoni lilivyokuwa la kwake, na Anfinn jikoni hakugusa hata mwiko. Kila Julai, bata wakishaondoka, jirani yao Oddvar wa kisiwa cha ng'ambo huleta watalii na mitumbwi yao, anawapitisha kwenye mikono yote ya bahari, anawashusha kuzunguka vibanda, kisha wanakuja gatini kwa Borghild kula keki na malai. Mwaka mmoja mama wa Kijerumani alimshika mkono akamwambia, "Lile bwawa lako la katikati, ni zuri mno!" Borghild akamwongezea malai. Bwawa? Bwawa gani?

Basi siku ya kwanza ya Mei bata walikuwa wamefika. Madume meupe kwa meusi, majike ya kahawia, wametanda kwenye mkono wa bahari wa kaskazini, na madume wanatoa ile sauti yao. Kama hujaisikia, chukua wanawake walioketi kibarazani, wape umbea mzito ambao hawakuutarajia. "Ahuuu! Ahuuu!" Ndiyo hiyo. Mchana kutwa. Kwa bata dume kila kitu ni kioja.

Borghild akavaa koti la buluu, kofia ya sufu ya marehemu, na mabuti yake yaliyojazwa soksi. Akatokea mlango wa nyuma, akapita tuta la mwisho la viazi, akaingia kati ya majabali mawili.

Hatua chache tu, akasimama. Njia ilikuwa imetandikwa mawe bapa, moja baada ya jingine, yamelazwa yakalala hasa; ukikanyaga halitikisiki, halitoi mlio. Penye ufa ambamo maji ya bahari huingia yakijaa palikuwa na ubao, na kando ya ubao kamba imefungwa usawa wa mkono. Alipoishika akakuta iko usawa wa mkono wake yeye, si wa Anfinn, na Anfinn alikuwa mrefu. Kamba ilikuwa mpya. Kwenye chuma kilichoishikilia palikuwa na alama ndani ya kutu, juu zaidi, pale kamba ya zamani ilipokuwa imefungwa. Borghild aliona hayo akayapita, akili yake ilikuwa kwa bata.

Halafu bwawa. Jamani, kumbe lilikuwepo! Maji matamu, meusi, yamezungukwa na matete, na ndege wadogo wa miguu myekundu wanakimbia ukingoni. Kwenye tope palikuwa na mtelezo laini uliochongwa na matumbo ya fisi maji, na mifupa ya samaki pembeni, ya jana au juzi. Ng'ambo ya bwawa nchi ikashuka, ikawa mchanga mweupe wa makombe yaliyosagika, na maji ya bahari yakaingia kwa vijito vinne vitano katikati ya majani mafupi. Alikuwa amezeeka mwendo wa dakika chache kutoka hapo, anachemsha viazi! Alijisikia kama mtu aliyefungua kabati lake akakuta chumba kingine ndani. Na hakufurahi, usidhani. Alikasirika. "Kwa nini hukunionyesha, we mtu?" akasema moyoni.

Kisha akaviona vibanda. Safu kwa safu, vya mawe, vimeezekwa majani, milango ikitazama kule kusikopiga upepo. Aliinama akachungulia cha kwanza. Kitanda cha mwani mkavu kimetandikwa, kimekandamizwa katikati kwa ngumi. Cha pili hivyohivyo. Vyote.  Mwani unakaushwa vuli. Vuli iliyopita Anfinn hakuweza kupanda ngazi ya nyumba bila kukaa katikati akatweta. Alikuja huku lini? Alitambaa?

Hakupata muda wa kuwaza. Aliponyanyua kichwa, bata waliokuwa wamepanda ufukweni walikuwa wamekaza shingo. Wote, shingo juu, kimya. Halafu kishindo kimoja cha mabawa na miguu, na ufukwe ukabaki mweupe, mtupu, wakawa wote majini wanaogelea kumkimbia.

"Ahuuu!" wakasema madume kutoka mbali.

Alirudi nyumbani, akampigia Hjørdis.

"Sabuni," akasema Hjørdis.

"Bata ana pua gani ya kunusa maua toka ng'ambo ya mchanga?"

"Rangi basi. Wamezoea kahawia, wewe umewatokea kama bendera. Lichafue."

Nisikufiche, walilichafua. Hjørdis alimwelekeza kwa simu kama mtu anayetoa mapishi. Mafuta ya samaki kwanza, kisha masizi ya jiko, kisha kinyesi cha kondoo kwenye mikono na mgongoni. Borghild, mwanamke ambaye sakafuni kwake ungeweza kula chakula, alipiga magoti zizini analikandika koti la mumewe samadi huku machozi yanamtoka. Likawa la kahawia. Likanuka samaki, kondoo, na kwa mbali, ukivuta pumzi vizuri, maua.

Asubuhi iliyofuata bata wakakimbia vilevile. Na iliyofuata. Alijaribu kutembea kama Anfinn, bega moja chini. Alijaribu kukohoa kama yeye. Alipita polepole, kimya kabisa, anakanyaga mawe yale yasiyotoa mlio, na kila alipotokea mchangani shingo zilipanda, kisha kishindo.

Siku ya nne aliona jambo lililomkata maini. Alikuwa anavuka ule ubao, akatazama chini kwenye maji ya ufa. Maji yetu ni maangavu mwezi Mei. Chini kabisa, juu ya mchanga, lilikuwepo yai. Zima, la kijani, limelala. Jike alikuwa ameshindwa kuzuia zaidi, akalitagia baharini.

Borghild alisimama pale ameishika kamba. Lingefuata la pili, na la mia, na Juni boti ya mizigo. Akaisikia kabisa sauti ya kabati lake likiburutwa gatini.

Alipotoka huko akamkuta Oddvar gatini, amekuja kwa makasia, kwa sababu msimu wa bata hapa kwetu mashine haiwashwi. Oddvar ni mtu wa maneno mengi na aibu ya ghafla, anaongea wee, halafu masikio yanamwiva mekundu. Alimletea samaki wawili. Alipolinusa koti akarudi nyuma nusu hatua, lakini hakusema kitu, na huo ulikuwa uungwana mkubwa kwake.

"Habari za bata?"

"Usiniulize."

"Nimekuona asubuhi hizi nikiwa kwenye nyavu. Unapita pale kama mwizi."

"Napita kama Anfinn!" Borghild akafoka. "Njia yake, kofia yake, kikohozi chake, kimya chake, sasa wanataka nini tena, nife?"

"Kimya chake?" Oddvar akauliza.

"Ndiyo. Kimya."

Oddvar akaliweka kasia ndani ya boti, taratibu. "Borghild, Anfinn hakuwa anakaa kimya kule. Anfinn alikuwa anaongea toka anaingia mpaka anatoka."

"Anfinn gani?"

"Mumeo!"

"Mume wangu yupi?"

"Ulikuwa nao wangapi, mama?"

Borghild akakaa juu ya kigingi cha gati. Alimtazama Oddvar usoni kutafuta utani, akaukosa.

"Ndiyo maana wanakimbia," Oddvar akaendelea. "Koti ni koti tu. Bata walikuwa wanamsikia kabla hawajamwona. Akifika penye majabali anaanza: 'Haya, wanangu, ni mimi, tulieni.' Kisha anaendelea, kutwa, sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Mtu anayetokea kimya si Anfinn. Kwa bata, anayekuja kimya ni tai."

"Anaongea nini?"

Hapo masikio ya Oddvar yakaanza kuwa mekundu. "Hivi na hivi. Upepo. Samaki. Habari za nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwenu."

"Oddvar."

"Maji yakitulia sauti inafika, Borghild, mtu hawezi kuziba masikio! Mimi niko kwenye nyavu zangu. Mke wangu naye yuko kibarazani na kahawa yake. Tunasikia."

"Mnasikia nini?"

"Ile habari ya pazia lako la jikoni, la manjano."

"Mungu wangu."

"Na meno yako yalipodondokea kwenye unga ukaendelea kukanda."

"Oddvar!"

"Na siku unapocheza peke yako jikoni, redio ikiwa chini. Hiyo aliipenda. 'Leo Borghild anacheza,' anawaambia. Na wale madume wanaitikia 'Ahuuu!' Sisi tulicheka mpaka basi. Lakini kwa uzuri!" akaongeza haraka, kwa kuwa Borghild alikuwa amesimama.

Alisimama kweli. Damu ilimpanda usoni, ikashuka, ikapanda tena. Mwanamke amekaa na bubu umri wake wote, leo anaambiwa bubu huyo alikuwa redio, na visiwa vizima vimekuwa vikisikiliza matangazo yake! Meno yake! Na kucheza kwake, ambako alidhani ni siri kati yake na sufuria! Aliniona wapi, akawaza, mlango ulikuwa umefungwa. Anfinn angekuwa hai siku ile, wallahi Borghild angemkata kwa kisu cha samaki.

"Kuna jingine," akasema Oddvar, na sasa alikuwa anatazama makasia. "Nilidhani umeshaambiwa. Ndiyo maana sikusema."

"Sema."

"Juni iliyopita, siku vifaranga wanashushwa majini. Hali ilikuwa shwari, nikasikia kila neno. Akawaambia, 'Mimi ndiyo basi, wanangu, kifua hiki hakinifikishi mwakani. Atakuja Borghild. Ana mkono mzito na hasira za karibu, lakini hakuna mtu mwema kama yeye katika bahari hii yote, na mimi sijawahi kujua namna ya kumwambia. Msimkimbie.'"

Borghild akahesabu miezi. Juni. Daktari alikuja kuutamka ugonjwa Novemba, na Anfinn akaitikia kwa kichwa, na yeye Borghild akalia kwa mshtuko ndani ya boti njia nzima kurudi, huku mumewe amemshika mkono bila neno. Kumbe alikuwa anajua. Akakausha mwani, akatandika vibanda, akateremsha kamba.

"Aliwaambia bata," akasema Borghild.

"Ndiyo."

"Mimi nalala naye kitanda kimoja, ananiomba chumvi kwa kidole. Anakwenda kuwaambia bata."

 Oddvar akapiga makasia akaondoka.

Usiku ule mweupe, usioingia giza, Borghild hakulala. Alizunguka nyumba anafungua makabati na kuyafunga. Alfajiri akavaa koti, kinyesi na maua yake, akatoka.

Kwenye majabali mawili akafungua kinywa. Aseme, "Haya, wanangu, ni mimi"? Halikutoka. Alikuwa na maneno mengi mno, yamejazana mlangoni, hakuna lililopita. Akavuka ubao, akapita bwawa, akatokea mchangani kimya vilevile, na shingo zikapanda zote kwa pamoja.

 Palikuwa na ubao mfupi kati ya mawe mawili, umelainika katikati kwa kukaliwa. Siku zote alikuwa amepita kando yake bila kuujali. Safari hii akakaa juu yake, kisogo kwa bata, ili asiwaone wakikimbia.

Akaona dirisha la jikoni kwake.

Kilima chote cha mawe kilikuwa kimeziba nyumba, isipokuwa ufa mmoja, mwembamba, na ufa huo ulitazamana na ubao huu. Ndani yake palikuwa na dirisha lake lote: pazia la manjano, birika la kahawa kizingitini, nafasi ile kati ya meza na jiko ambapo mtu akiteremsha redio anaweza kucheza. Mtu aliyetaka kukaa atazame bata angegeuza ubao upande wa bahari. Huu ulikuwa umewapa bata mgongo.

"We mtu," akasema Borghild. "We mtu mshenzi."

Alilisema polepole. Kwa bata hupigi kelele, hilo kila mmoja wetu analijua toka tumboni kwa mama yake, hata ukiwa unawaka moto. Basi hasira yake yote ya miaka ikabidi itoke kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

"Ulikuwa unaniona. Umekaa hapa unaniona, halafu unarudi mezani unaninyooshea kidole. Ungeshindwa nini kusema ukiwa nyumbani? Neno moja! Mimi nilidhani unanivumilia. Nilikuwa nakosha vyombo nawaza, huyu ananivumilia tu. Na mwezi wa sita unajua unakufa, unanyamaza, mimi nakupangia kununua mabuti mapya. Mabuti, Anfinn! Haya ninayo miguuni, yamejaa soksi."

Mchangani hapakuwa na kishindo. Borghild alikuwa analia, hakuona. Alijifuta kwa mkono wa koti, akajuta papo hapo kwa sababu ya kile kilichokuwa kwenye mkono huo, akacheka, akalia tena.

"Haya, nyie," akawaambia bata sasa. "Ni mimi. Borghild. Mnanijua, mmenisikia wee, mnajua mpaka meno yangu. Mtu wenu hatakuja." Lilibaki neno moja. Kasisi alilisema, daktari alilisema, Ragnfrid alilisema kwenye simu. Yeye hakuwahi kulitoa kinywani mwake. "Anfinn amekufa. Januari, asubuhi, kabla ya kahawa. Alisogeza kikombe, nikageuka kuchukua birika, nilipogeuka tena alikuwa amekwenda. Nilimmiminia. Sikujua nifanye nini, nikammiminia kahawa."

"Ahuuu," akasema dume mmoja, karibu.

Karibu! Borghild akageuka kutazama. Walikuwa wamepanda. Shingo zimelala, vifua vinayumba, wanapita kati ya majani kwa ule mwendo wao wa wazee wanaotoka kanisani. Jike mmoja wa kahawia, mzito, alikuja moja kwa moja kwenye mawe ya ubao, akakanyaga ncha ya buti la Anfinn kana kwamba ni jiwe jingine, akaingia kwenye kibanda kilichokuwa chini ya kiti chenyewe. Mwani ukachakarika. Ukatulia.

Mguu wa Borghild ulikuwa umekufa ganzi, na hakuthubutu kuuondoa. Alijua pia kwamba maji yametulia, na kwamba ng'ambo kule nyavu za mtu zimeacha kuvutwa na kikombe cha mtu kimesimama nusu ya njia. Wasikilize. Akaegemea jiwe, akalitazama dirisha lake, akaendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Ragnfrid nitamwambia chumba ampangishe mtu. Atanuna, lakini atapoa. Koti sifui tena, msihofu. Oddvar kaniletea samaki wawili, na mimi nimezoea kuchemsha wote wawili, basi nitachemsha wote wawili. Na chumvi iko pale mezani, mbele ya kiti cha Anfinn. Jana nilikaa nikakisubiri kidole chake mpaka chakula kikapoa."